Kanga ya Uhuru Iliyoungua

Sogeeni, wanangu. Idrisa, zima redio. Salma, niinulie mto. Nikisema msinikatize, maana leo maneno yananichanganyikia kama nyuzi kikapuni, na nikiuachia uzi mmoja sitaupata tena.

Nyumba hii ya Ilala isiuzwe. Cherehani ni ya Salma. Hayo ni mepesi. Zito ni lile blanketi la viraka ambalo kina mama wa mtaa wamelishona kwa kanga za tangu Uhuru, litakalotundikwa Mnazi Mmoja kesho. Ni kesho, au limekwisha kutundikwa? Haya, kesho. Katikati yake mna kanga yangu ya mwaka sitini na moja, na chini yake wameandika jina langu. Sikilizeni basi: sijui kama ni yangu.

Mwaka ule mimi na Josepha wa Msimbazi tulinunua doti moja Kariakoo tukagawana, yeye kipande chake, mimi changu, ili siku ya Uhuru tuvae sare. Akaniachia chake nimpindie. Nikawa navipiga pasi vyote viwili, pasi ile ya mkaa, ngoma ikapita barabarani, nikatoka kutazama. Niliporudi kimoja kimetoboka tundu la ukubwa wa kiganja. Vilifanana kama mapacha, sikuwa nimetia alama, na hofu ikanivuruga hata nisikumbuke kipi kilikuwa chini ya pasi. Nikamwambia ni chake. Huenda kweli kilikuwa chake, wanangu, huenda. Nimeapa mara nyingi mno, hata kiapo kimekaa mahali pa kumbukumbu, na sasa nikitafuta kumbukumbu siioni.

Miaka sitini na zaidi hatukuamkiana ila msibani. Juzi akaleta kile kilichoungua, amekikunja vizuri, kamati ya blanketi ikamkatalia, eti kizima kipo. Nami nimekaa palepale. Akanigeukia, akasema taratibu, "Shamsa, nguo ya kuazima haisitiri." Wanawake wakacheka wakidhani ni utani wa wazee, nami nikacheka nao.

Basi fanyeni hivi. Fumueni kanga ile ya katikati, mkampe Josepha mkononi. Mahali pake shoneni iliyoungua aliyo nayo, tundu lake msilizibe, na chini yake andikeni majina mawili, lake litangulie. Kamati ikiuliza, semeni mama ameungama. Idrisa, usione haya kwa ajili yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilijipinda tu, ikawa ndefu.

Maji... basi, yatosha. Mungu awape mikono myepesi na ndimi za kweli, awape na majirani... nimeshasema majirani? Mpendane.

Nani huyo mlangoni? Macho yamejaa ukungu. Ukiwa ni Salma, chukua mkasi, mwanangu, uende. Ukiwa ni Josepha... ingia. Kaa hapa kitandani.