Harufu ya Mtandao

Boti ya kwenda Tumbatu ilikuwa haijatoka vizuri Mkokotoni, Hafiz akaacha kujifanya amelala. Mbele yake, Bi Mwanakheir, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepakata boksi jipya la intaneti. Msichana mgeni, fundi wa kompyuta kutoka mjini, alikuwa akimweleza.

"Ndani mna modemu na ruta, bibi. Modemu inaupokea mtandao kutoka nje, ruta inaugawa nyumbani."

"Nshafahamu. Modemu mpishi, ruta mpakuaji. Na ukutani unapita?"

"Unapita. Hata kwa jirani unafika, lakini bila neno la siri hawezi kuutumia."

Bi Mwanakheir akashika kifua. "Yaani jirani apate harufu tu, chakula nimfungie? Kwetu sisi chungu kikinukia ng'ambo ya ukuta, bakuli linapelekwa."

Hafiz, aliyelelewa na mabakuli hayo, akaitikia amina moyoni.

"Ukimpa kila mtu, bibi, mtandao utakuwa mzito. Mjukuu wako akikupigia kwa video, utamwona kaganda."

"Basi ntaongeza maji kwenye mchuzi."

"Mtandao hautiwi maji!"

"Wewe hujui kupika."

Boti ikagusa mchanga. Hakuna aliyeshuka. Nahodha akazima mashine, akasafisha koo, kisha akasema kwa adabu ambayo hata mkwewe hajawahi kuonyeshwa:

"Shikamoo, Bi Mwanakheir. Kwangu mimi harufu inafika?"