Bi. Titilia Anaondoka, na Kiti Chake Kinafutwa

Na Uday Sami, kitengo cha mitambo

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba, ofisi yetu ya uokoaji wa mafuriko hapa Labasa inampoteza mtu pekee anayejua kusoma picha za rada. Bi. Titilia Rokosuka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja, na nafasi yake imefutwa. Msimu wa vimbunga unaanza Jumapili.

Alikuja kwetu kutoka kisiwa cha Kadavu akiwa na shahada ya jiografia na mdomo mkali. Vyote viwili tulivitumia sana. Mawingu yakitufunika siku nne, kamera za kawaida za setilaiti huona pamba tupu, lakini mawimbi ya rada hupenya mpaka ardhini. Maji yaliyotulia hutokea meusi pichani. Wengi wetu tuliishia hapo. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba miwa iliyosimama majini hutokea myeupe, hata kuliko miwa mikavu, kwa sababu mawimbi hugonga maji, yakagonga mabua, yakarudi kwa nguvu. Asiyejua huona weupe ule akasema pakavu.

Mafuriko ya Machi mwaka juzi, programu mpya ya kompyuta ya kusoma picha hizo ilikipaka kijiji cha Waidrala, chenye mashamba ya miwa, rangi ya nchi kavu. Mkurugenzi akaagiza boti zote za uokoaji ziende mjini. Bi. Titilia akabisha, akajibiwa kwamba programu haichoki wala haina hofu. Akampigia simu Apenisa Dokonivalu, msimamizi wa boti.

Hawa wawili ni watani tangu enzi za mababu zao. Simu zao huanza kwa matusi: Bi. Titilia humwita mla vichwa vya samaki, naye humwuliza kama kweli bado hajazikwa. Tulishazoea kuacha kazi ili tusikilize. Siku ile alisema, "Apenisa Dokonivalu, miwa ya Waidrala imesimama majini," akakata simu. Hakuna aliyecheka.

Apenisa alitusimulia baadaye, tukinywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi: "Huyu bibi hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Nikasubiri tusi, wapi. Nikajua watu wanakufa, nikageuza boti."

Watu sitini na watatu walikutwa juu ya mapaa. Mama yangu alikuwa kwenye boti ya tatu.

Taarifa ya mwaka ikaisifu programu. Programu hiyo hiyo, bila kuguswa, ndiyo inayoachiwa kazi kuanzia Jumatatu. Nimepitia mafuriko tisa tangu iwekwe: mashamba ya miwa imeyakosea mara saba, na mara zote saba aliyeisahihisha ni mwanamke huyu ambaye Ijumaa tunampa saa ya ukutani.

Bi. Titilia, asante, ingawa neno lenyewe halitoshi. Rudi Kadavu upande dalo, magimbi yako, mvua ikinyesha ujifunike ulale, na simu ya ofisi isikufuate. Umri mrefu na afya njema viwe vyako.

Kwako Mkurugenzi: sherehe inaanza Ijumaa saa tisa alasiri. Usituambie habari za bajeti wala za mfumo. Kabla ya saa tisa tunataka jina la mtu mmoja, mwenye macho mawili na simu mkononi. Kimbunga kikija, picha ya Waidrala ataisoma nani?