Siku Mabula Alipokosa Majirani

Benchi la kijiwe chetu hapa Nyahanga, Kahama, ni mali yangu, na nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililitengenezesha kwa ajili ya wateja wa cherehani yangu, wakae wakisubiri suruali zipunguzwe. Tangu Amosi alete jiko lake la kahawa pembeni ya baraza yangu, mteja akija anasimama, na waliokaa hawana hata kifungo cha kushonesha. Wa kwanza ni Wakili, ambaye sheria aliisomea kwenye kesi moja ya ng'ombe, tena akiwa shahidi. Wa pili ni Duara, aliyechimba dhahabu mpaka mgongo ukagoma, na sasa kila kitu duniani anakipima kama kimetoka shimoni. Wa tatu ni Mabula wa vipuri, mwenye duka lile linalotazamana na sisi. Asubuhi hiyo Mabula hakuwepo, alikuwa amepeleka mkanda wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwa wachimbaji wa Kakola, na hapa kijiweni asiyekuwepo ndiye ajenda.

Tena ajenda ilikuwa nzito. Mabula aliomba uraia. Alikuja kutoka India akiwa kijana hana hata ndevu, na miaka ishirini na kitu sasa anaishi kwa vibali vya ukaazi, kimoja kikiisha anaomba kingine. Kila kibali kikikaribia mwisho mkewe Varsha anakonda, na Mabula mwenyewe hakubali kupanda hata mpapai uani. Mwaka huu akasema basi, akajaza fomu za kuomba uraia, akatoa tangazo gazetini kama inavyotakiwa, akabaki kusubiri. Sisi tulitaka apate. Tulitaka kweli, ila kijiwe hakijui kutaka kimya kimya.

— Tangazo limetoka, na hakuna aliyepinga, alisema Wakili. Hiyo ni hatari.

— Hatari ya nini? nikamuuliza.

— Fundi, kanisani wanatangaza ndoa mara tatu, mwenye pingamizi aseme. Sasa nchi nzima ikikaa kimya, mkubwa wa Uhamiaji anajiuliza, huyu mtu amewalisha nini wenzake? Lazima apatikane mmoja apinge kidogo.

— Apinge nini? Duara akauliza.

— Kitu chepesi. Kwamba chai yake ina tangawizi kupita kiasi. Barua fupi tu, ya mpinzani mwenye heshima zake.

— Andika hiyo barua, nikamwambia, halafu hili benchi utalisikia kwenye bomba.

Duara akacheka, akapuliza kahawa yake.

— Wakili hujui kitu. Uraia hautoki kwenye barua. Mtu anachukuliwa kama mwamba wa dhahabu. Kwanza wanamsaga, maswali asubuhi mpaka jioni. Halafu wanamwosha, yaani wanapekua mambo yake yote ya nyuma. Mwisho wanamchoma. Kinachobaki kwenye kibakuli ndicho raia.

— Wanamchoma na nini?

— Wimbo wa taifa. Beti zote, amesimama juani.

— Mabula anaujua.

— Anaujua akiwa amekaa. Kusimama ni mtihani mwingine.

Wakili hakutaka kupitwa. Akasogea mbele, na mimi nikajua sasa tunaingia porini.

— Sikilizeni. Mtu mzima hapa kwetu haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Akipewa huu, ule wa kwanza anaukana. Mnajua ile pasipoti ya zamani inafanywaje? Inarudishwa kwao kwa ndege. Ikifika wanatandika mikeka, ukoo unakusanyika, inaliliwa. Kuna kabati maalumu huko zinakolazwa.

— Nani kakwambia?

— Jambo la kisheria hilo.

— Mimi niliambiwa kubwa kuliko hilo, alisema Duara. Ukishaapa, ndoto zinabadilika lugha. Unalala Mhindi, unaota unachunga ng'ombe, na wale ng'ombe unawaita majina yao kwa Kisukuma. Ukiamka tu, kiapo kimeshika.

— Na asiyeota?

— Huyo anarudia fomu.

Amosi alikuwa anajaza vikombe na kutikisa kichwa. Hapo ndipo akasimama mwanamke mbele yetu. Gauni la kitenge, mkoba begani, viatu vimeshiba vumbi la Kahama. Alikuwa na adabu, alianza na mwenye mvi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, alijibu Wakili, akakaa wima.

— Namtafuta Rohit Jadavji. Naambiwa anaishi mtaa huu. Mnamfahamu?

Huku kwetu kwenye dhahabu, mgeni mwenye mkoba akitaja mtu kwa majina mawili, huyo mtu ana kesi au ana mke wa pili. Kwa hiyo kwanza tuliukagua mkoba. Lakini ukweli ni kwamba hata tungetaka kuwa wasaliti, tusingeweza. Jina lile hatukuwahi kulisikia.

— Rohit? alisema Wakili. Mama, mimi niko mtaa huu kabla ya lami. Mtu wa jina hilo hayupo.

— Ni mtu wa asili ya India.

— Basi atakuwa wa kwa Dilip, kule kwenye duka la vitambaa. Ila Dilip hana Rohit, watoto wake wote nawajua.

— Kwa Dilip nimeshapita. Mhindi mwingine hakuna?

Wakili akamtazama Duara, Duara akanitazama mimi. Nikafikiria, tena kwa dhati, nyumba baada ya nyumba, kuanzia mashine ya kukoboa mpaka msikitini. Na ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyejibu.

— Mhindi mwingine hapa hakuna.

Yule mama akatazama duka la Mabula lililofungwa, akatutazama sisi, akaandika kitu kwenye karatasi zake. Akashukuru, akaenda zake upande wa ofisi ya kata. Wakili akaagiza kahawa ya pili kwa furaha.

— Mmeona? Mtaa wetu hauuzi mtu.

Hatukumaliza hata vile vikombe. Pikipiki ya Mabula ikaingia, mwenyewe ana grisi mpaka masikioni, uso umechangamka.

— Mwangaluka, akatusalimia kwa Kisukuma. Amosi, kwangu weka sukari. Kuna mtu amepita hapa?

— Mtu wa namna gani? nikauliza.

— Uhamiaji wamenipigia nikiwa njiani. Wanasema afisa anakuja kuulizia kwa majirani kama wananifahamu. Nikawaambia hapo sina wasiwasi, hapo ndiyo nimefika. Majirani ninao.

Amosi akaliacha birika likichemka. Na ni Amosi huyohuyo aliyeuliza.

— Mabula, Rohit ni nani?

— Rohit ni mimi, akajibu. Kwani vipi?

Duara akaweka kikombe chini. Wakili akavua kofia kama yuko msibani. Mdomo uliokosa ulikuwa wangu, kwa hiyo nikamweleza yote, hata lile la Mhindi mwingine.

Sikumbuki Mabula akinikasirikia tangu tujuane, na siku hiyo pia hakukasirika. Ingekuwa afadhali angenitukana. Alikaa kwenye ncha ya benchi langu na ile grisi yake yote.

— Kibali kinaisha Desemba, Fundi, akasema.

Basi, ni hilo tu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima. Akilini nilimwona Varsha anafunga mizigo, watoto wanauliza shule itakuwaje, na yote kwa sababu watu wake watatu wameulizwa wakasema hayupo.

— Lete ufunguo, alisema Duara.

Mgongo mbovu ule ule akaurusha juu ya pikipiki, akatimka. Alimkuta yule mama ofisi ya kata, hajaondoka. Alimwambia nini sijui, lakini alirudi naye, mama nyuma, mkoba kwapani, hana uso wa mchezo. Akashuka, akakung'uta gauni.

— Naitwa Ghati, afisa wa Uhamiaji. Sasa hivi nilisimama hapa hapa, mbele ya duka la mwombaji. Watu wazima watatu mkaniambia hamumjui. Nikawauliza Mhindi mwingine, mkasema hakuna.

— Mheshimiwa, alisema Wakili, hatukudanganya. Huyu ni Mabula.

— Na Mabula ni kabila gani?

— Hatukuwahi kumuuliza, alijibu Duara.

Nikaona niingie, maana wenzangu walikuwa wanazidi kumzika.

— Dada, nisikilize mimi. Siku anashuka kwenye basi hapa Kahama, mvua ilikuwa inamwagika, na ardhi ilikuwa imeshakauka hatari. Mwenye nyumba aliyempangisha, bibi wa Kisukuma, akasema huyu ni Mabula. Kwetu mtoto akizaliwa na mvua anaitwa hivyo. Jina likamkaa. Kibao cha duka hicho, soma, Mabula Vipuri. Ukituuliza Mhindi, tunamfikiria Dilip. Huyu hatumfikirii huko.

— Mtu mnakaa naye miaka yote hiyo hamjui jina lake. Kufahamiana gani huko?

Ghati akamgeukia Wakili.

— Mzee, huyu aliyenileta na pikipiki anaitwa nani?

— Duara.

— Jina, mzee. La kwenye kitambulisho.

Wakili akajipapasa mifuko kana kwamba jina liko humo. Ghati akamgeukia Duara.

— Na huyu mzee anaitwa nani?

Duara alimkodolea macho Wakili, mtu anayekunywa naye kahawa kila asubuhi ya Mungu, kana kwamba ndiyo anamwona leo.

— Na wewe fundi, unawashonea. Wanaitwa nani?

Nawashonea, ndiyo. Kwenye suruali naandika kwa chaki, Wakili, Duara. Nikatazama chini. Na mimi mwenyewe jina langu hawalijui, niliwaona usoni.

Mabula akasimama.

— Dada, mimi naruhusiwa kusema?

— Sema.

— Huyu Duara ni Sostenes Ngassa, kwao Runzewe. Baba yake alipofariki tulikwenda wote. Hawa walishika majembe, mimi nilikuwa na rangi ya dukani, nikapewa msalaba niuandike. Nilikosea nikaandika s moja, wakanirudisha nikaongeza. Wakili ni Masalu Bujiku. Mkewe mama Eufrasia alipolazwa, yeye alikuwa kijijini kwenye pamba, mimi na Varsha ndio tulilala hospitali, na kila nesi akiuliza mume wa mgonjwa ni nani, mimi ndiye nilikuwa nalitaja jina lake. Na Fundi ni Cornel. Binti yake Vumilia alipokuja kuposwa, wageni walitukuta tumekaa ndani, mimi nikiwa upande wa baba. Wale wageni waliuliza huyu ni nani. Fundi akawaambia, huyu ni baba yake mdogo, muendelee.

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimesahau.

Ghati aliandika, akageuza karatasi, akaandika tena, kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Wakili alijaribu kuchungulia nikamkanyaga mguu.

— Mzee Masalu, akasema hatimaye, na nyie wawili, mtakuja ofisi ya kata mtoe maelezo. Mtasema haya haya, kama yalivyo, pamoja na yale mliyoniambia asubuhi.

— Hata ya asubuhi? aliuliza Wakili.

— Hasa ya asubuhi.

Kisha akamgeukia Mabula, na sauti ikashuka.

— Bwana Rohit, uamuzi si wangu, uko juu, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu. Ila mimi kazi yangu ilikuwa ni kujua kama hapa ulipo ni mgeni. Kwenye suala la majirani, sina swali tena.

Nikamwinua Wakili kwa kola, Ghati akakaa, Amosi akampa kahawa. Duara akawa anarudia kwa sauti ndogo, Masalu, Masalu Bujiku, na Wakili akawa anamwambia asizoee. Mimi sikuwasikiliza. Nilikuwa namtazama Mabula aliyevuka barabara kwenda kufungua duka, ufunguo unagonga kufuli na hauingii. Nikaacha cherehani, nikavuka, nikamshikia kufuli.