Mama Mukamazimpaka na Sahani ya Mzazi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mama Espérance Mukamazimpaka atakabidhi mizani ya watoto aliyoitumia kwa miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha afya hapa kambini Nakivale. Mimi, niliyembebea mizani hiyo nyumba kwa nyumba tangu 2014, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Naifanya kwa furaha na hofu kidogo, maana najua atausoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alianza kama mfagiaji, akapelekwa Mbarara kusomea lishe, akarudi na utaratibu wake: hapimi mtoto kabla hajaona sahani ya mama. Wenzake walimcheka. Lakini yeye alikwisha kugundua kwamba uji wa maziwa na mayai wanayoleta wageni huishia kwa baba na watoto wakubwa, na mama aliyejifungua hubaki na ugali wa muhogo na chai kavu. Aliwaeleza akina mama kwamba maziwa yao hayakauki kwa sababu hiyo peke yake, ila baadhi ya vitamini zilizomo hupungua pale chakula cha mama kinapokuwa duni.

Basi miaka minane akahubiri mukene, wale dagaa wakavu wa sokoni. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuwaonja. Alizaliwa kwa wafugaji wa milima ya Kivu Kusini, na kwao samaki hakuingia hata jikoni.

Siri ilifichuka mwaka ule wangu wa kwanza, nyumbani kwa Uwamariya, mfugaji mwenzake ambaye ng'ombe wake walibaki Kongo. Mwanawe Ntwari alikuwa na wiki sita, na mama alikuwa ameamua kuacha kumnyonyesha ampe chai ya sukari.

"Maziwa yangu iko maji tu," alisema.

Mama Mukamazimpaka akamtajia mukene. Uwamariya akamtazama usoni.

"Na weye mwenyewe, unakulaka?"

Nilidhani atajitetea. Alikiri kwamba hajawahi kuwaonja, akanituma kwa jirani nikanunue. Walipopikwa na karanga, akaketi mkekani akala wa kwanza, machozi yakimlenga, hadi akamaliza. Uwamariya alicheka mpaka mtoto akashtuka, kisha naye akachukua kijiko. Hakuacha kunyonyesha.

Tangu siku ile Mama alikula kila alichofundisha, mbele ya wale anaowafundisha, na wenzetu wa kambi ya Oruchinga walikuja kuiga. Ntwari ana miaka kumi na mmoja sasa, na uwanjani hashikiki.

Wiki mbili zilizopita ndipo alipotuambia kwamba harufu ya mukene ingali inamchafua tumbo. Miaka yote hiyo hatukujua, na mimi nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja.

Asante, Mama. Nenda Nyamitanga kwa binti yako, ukapumzike kwa afya na amani. Siku ya kukuaga mpishi ni Uwamariya, na sahani ya kwanza ni yako: nyama, mchicha na maziwa ya mgando. Mukene tutakula sisi.