Siku Kumi za Kumtafutia Ragnhild Mwanga

Benchi letu liko chini ya paa la kituo cha mafuta hapa kijijini Kvalnes, pwani ya kaskazini ya mbali, ubavuni mwa mlango. Ukinunua kikombe cha mwaka unajaza kahawa mpaka uchoke mwenyewe, ndiyo maana hatubanduki. Tuko wanne. Asbjørn tunamwita Grafu, maana haondoi macho kwenye michoro ya hali ya hewa simuni. Torleif aliendesha kivuko miaka thelathini, kastaafu lakini bado anatoa amri, huyo ni Nahodha. Birger ni mpole wetu, na wa nne ni mimi. Januari hii tukawa watano. Dada yake Birger, Ragnhild, alirudi kutoka kusini baada ya miaka arobaini na mbili, macho yanamzimika. Daktari kamwambia kiangazi kikifika hataona kitu. Basi akataka jambo moja tu: auone tena mwanga wa kaskazini, ule wa utotoni, wa rangi, unaocheza angani usiku juu ya bahari ya kwao. Alikuja kwa siku kumi. Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya kumi, saa kumi na moja, giza la Januari limeshaingia, theluji inaanguka, na basi lake la uwanja wa ndege linapita saa moja.

Siku zote hizo ubishi ulikuwa mmoja: twende wapi. Grafu alitaka tuvuke milima mpaka Skibotn, maana mawingu ya pwani kule hayafiki. Nahodha aliona hayo ni matusi kwa bahari. Yeye alitaka tupande chombo tutoke nje ya visiwa. Mimi, sijifichi, nilishikilia kwamba tusubiri kwanza mbalamwezi ipungue. Birger alijaza tangi la gari lake siku ya kwanza, na tangi lilikuwa bado limejaa.

— Leo namba ya nguvu ya mwanga ni tano, alisema Grafu. Tano, jamani. Juu ya hayo mawingu kunawaka moto.

— Hizo namba zako zimemwonesha nani mwanga? Nahodha akamuuliza. Chombo cha kuzama hakina usukani.

— Hiyo methali inahusu nini hapa?

— Inakuhusu wewe.

Ragnhild alicheka kidogo. Alikuwa kakaa katikati yetu, miwani myeusi usoni, begi miguuni. Mwanga wa taa ulikuwa unamuumiza macho, lakini hakulalamika hata siku moja. Alituachia sisi wenyeji tupange.

Nahodha akaanza kueleza habari za mbwa wake. Eti mbwa akilala na pua kaskazini, ndani ya saa sita mwanga lazima utoke, na jana alilala hivyohivyo. Grafu akamwambia mbwa huyo ni mzee, analala popote anapoangukia. Mimi nikasema samaki wanajua zaidi kuliko mbwa. Nilikuwa naongea ili niongee. Nahodha hakushindwa, akageukia yale ya bibi zetu: ukiupigia mwanga mluzi, au ukiupungia kitambaa cheupe, unashuka kukuchukua. Tulichapwa kwa ajili hiyo utotoni.

— Sasa si ndiyo dawa yenyewe, akasema. Tupande juu ya paa na shuka jeupe, tupige mluzi sote wanne. Utashuka wenyewe.

— Kwenye theluji hii? Grafu akauliza.

— Mvumilivu hula mbivu. Tungoje kidogo.

Hiyo "tungoje kidogo" ilikuwa wimbo wetu. Siku ya pili niliisema mimi, siku ya tano Grafu. Birger alikuwa anaiitikia tu, kwa kuwa hajawahi kumkatalia mtu. Na kusema kweli, hakuna kati yetu aliyewahi kuutafuta mwanga. Maisha yetu yote ulitukuta njiani, mtu anatoka kumwaga takataka anaukuta uko juu ya kichwa. Tunawaelekeza wageni kila mwaka kana kwamba sisi ndio tunaouwasha.

Hapo akatokea Zenon, kijana wa Kipolandi anayekata samaki kiwandani, kaja hapa mwezi wa kumi na moja. Akatusalimia, wazee habari za jioni, akaliona begi. Birger akamweleza kwa sauti ya chini: dada anaondoka, siku kumi, hakuuona.

Zenon akashangaa.

— Lakini jana ulitoka. Nilikuwa nyuma ya kiwanda navuta sigara, saa kumi na mbili. Mawingu yalifunguka nusu saa nzima. Nilivua glavu nikampigia mke wangu nimwoneshe. Nyinyi jana saa kumi na mbili mlikuwa wapi?

Tulikuwa hapa. Sote watano, kwenye benchi hili, chini ya paa hili lenye taa nane zinazowaka hata unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Tulikuwa tunabishana twende wapi. Nakumbuka Ragnhild aliinuka akasema anataka kunyoosha miguu kule gizani, nami nikamwambia akae, haraka haraka haina baraka. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuijua. Grafu alizima simu. Nahodha alikitazama kikombe chake kama kuna kitu ndani.

— Ulikuwa wa kijani? Ragnhild akamuuliza Zenon.

— Wa kijani. Chini kwenye pindo, mwekundu kidogo.

— Ndiyo. Hivyohivyo.

Kisha akamgeukia mdogo wake.

— Birger, waambie wazime hizi taa.

Birger akaingia ndani. Sijui alimwambia nini binti wa kaunta, lakini taa zikazimika zote nane. Tukatoka nje ya paa, hatua kumi tu, tukasimama. Juu kulikuwa na giza tupu. Ragnhild akavua miwani, akainua uso, theluji ikamwangukia machoni na hakuipangusa. Birger alimshika mkono, analia bila kujificha.

Basi likatokea kwenye kona na taa zake. Ragnhild akainama, akachukua begi lake. Hakuna aliyemwambia tungoje kidogo.