Fundi Spoku na Majoka ya Alhamisi

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu tunayemwita Fundi Spoku atafunga mlango wa karakana ya viti vya magurudumu na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ameitumikia hospitali yetu ya majeruhi wa viungo kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Siku za ugonjwa alizochukua katika muda wote huo ni sita, na nne kati ya hizo alikuja kazini hivyo hivyo, akakaa mlangoni akitoa maelekezo.

Alipokuja kwenye usaili, kamati ilikuwa ikimsubiri mwanamume. Barua yake ilisema tu kwamba mwombaji amekulia katika banda la baiskeli la baba yake. Mwenyekiti akaanza kumweleza kwa upole kwamba kazi ni nzito, ina grisi, ina vyuma. Msichana yule alikuwa amekwisha kuinamia kiti kibovu kilichowekwa pembeni kwa ajili ya mtihani, na kabla maelezo hayajaisha, gurudumu lilikuwa linazunguka bila kelele.

Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja, sita kati yao wakiifanya kazi hiyo wakiwa wameketi kwenye viti walivyojitengenezea wenyewe. Ndiye aliyebuni egemeo la mkono linaloteremka, ili mtu anayehamia kitandani asilazimike kupanda mlima. Tusimvike kilemba cha ukoka, kasoro anazo. Spana yake haiazimwi, hata kwa mkurugenzi. Na akianza kuimba, wodi ya tatu huomba dawa za maumivu.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa majoka.

Mtu ambaye kiti chake kiko kwa fundi hana pa kwenda. Hukaa kwenye benchi la karakana akitazama magurudumu yake yananing'inia ukutani, saa moja, pengine tatu. Fundi hakuupenda ule ukimya. Miaka kumi na miwili iliyopita, mtu mmoja aliyekuwa akijitolea hapa aliacha kitabu kinene cha mchezo: nchi ya milima, majoka yenye mabawa, na watu wanaoyapanda. Kila mchezaji huchagua kuwa mtu fulani wa nchi hiyo, husema anachofanya, kisha dadu huamua kama amefaulu. Msimulizi mmoja huongoza. Fundi akawa msimulizi, spana mkononi. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana benchi likajaa, na wenye viti vizima wakaanza kuzua ubovu. Mmoja alifumaniwa akiitoa upepo tairi yake mwenyewe.

Yaliyofuata nayasimulia kama shahidi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chumba changu kimepakana na karakana, na ukuta ni mwembamba.

Kulikuwa na mchezaji tuliyemwita Dereva, mtu wa malori ya masafa marefu aliyevunjika uti wa mgongo. Alhamisi moja joka lake lilianguka vitani na kuvunjika bawa. Fundi akafungua kitabu, akasoma kanuni kwa mbwembwe zake za siku zote: joka lisiloweza kuruka hutupwa korongoni, na mpanda wake hupewa jingine kwa heshima.

Benchi zima likamgeukia Dereva. Fundi alikuja kusikia alichokisoma wakati ameshakisoma.

"Hata kazini kwangu walifanya hivyo hivyo," Dereva akasema. "Lori langu lilipata dereva mwingine kabla mimi sijatoka chumba cha upasuaji. Nipe kiti changu."

Fundi akakaza breki ya kushoto bila kuinua uso, akampa, naye akaenda zake.

Wiki tatu hakuonekana karakana, wala kwangu mazoezini. Kwa jeraha kama lake, wiki tatu bila mazoezi ni viungo kukakamaa, na mimi nilishaanza kuandika kwenye faili lake maneno ambayo mtaalamu hapendi kuyaandika. Mume wa Fundi alituambia baadaye kwamba siku hizo zote mkewe alikuwa hali akashiba, akirudia kwamba amemuumiza mtu aliyekwisha kuumia. Siku ya ishirini na mbili akapanda wodini. Dereva alikuwa amegeukia ukuta.

"Kaka, sikuja kujieleza," akasema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilisoma bila kufikiri ni nani ananisikiliza."

Akavuta kiti, akakaa. Dakika arobaini, kwa hesabu ya muuguzi wa zamu. Mwishowe Dereva akasema bila kugeuka, "Aliyeandika kile kitabu hajawahi kukaa kwenye benchi lako."

"Hajawahi. Basi njoo tukiandike upya, sisi tuliokaa."

"Chote?"

"Chote. Ila milima tuiache, milima haina kosa."

Muuguzi anaapa kwamba hapo ndipo alipogeuka.

Alhamisi nne hapakuchezwa kitu, palibishaniwa tu. Kitabu kilisomwa ukurasa kwa ukurasa, na kila aliyechomwa na neno alilisimamisha. Ukoo mmoja wa milimani ulioandikwa kuwa wezi tangu tumboni ukafutiwa hukumu, kwani mtu ni matendo yake. Joka, ambalo zamani lilifungwa kwa uchawi likamtii mpanda wake, sasa likapewa mchezaji wake mwenyewe, na mpanda akalazimika kuliomba, likikataa, limekataa. Korongo likafanywa mji wenye soko na mahakama, na majoka yasiyoruka yakawa raia kama wengine. Mtu mmoja akapendekeza pawe na joka kipofu lenye kuona mambo yajayo. Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye haoni, akapinga papo hapo.

"Mimi mambo yajayo siyaoni. Hata kikombe changu sioni mmekiweka wapi! Joka lisiloona liwe joka lisiloona, basi. Tena liwe na hasira kidogo."

Likapita bila kura. Kwa ajili ya Mwalimu, Fundi alichonga dadu za mbao kubwa kama vipande vya sabuni, zenye vishimo vya kupapasa. Kwa wasioweza kushika kitu akatengeneza ubao wa mteremko, dadu ikasukumwa kwa kidevu au kiwiko.

Wakakubaliana pia neno la kusimamisha mchezo: hadithi ikimgusa mtu pabaya, alitamke tu, wote wanyamaze, asiulizwe sababu. Wakachagua "chai". Hawakumfikiria mama mgawa chai, ambaye kila saa tisa kasoro robo alisukuma mlango na kutangaza alichobeba. Miezi miwili mizima vita vilikatika vikiwa vimepamba moto, watu wakigeukiana kwa huruma kuulizana kama wote wako sawa, hadi neno likabadilishwa kuwa "breki".

Dereva alirudi. Alichagua kuwa joka lenyewe, lile la bawa lililovunjika, na akaligeuza kiumbe mwenye kiburi kisicho kifani. Kila aliyejaribu kuliinua bila ruhusa alifokewa, "Uliza kwanza!" Sauti ile ilipenya ukuta wangu hadi nikawa naisubiri. Haukupita mwezi, wagonjwa wakaanza kutufokea hivyo sisi watumishi, tuliozoea kukamata kiti cha mtu kwa nyuma na kukisukuma kama toroli. Tulicheka, kisha tukaona aibu. Leo ndiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mtumishi mpya: kiti cha mtu hakisukumwi kabla hajaulizwa mwenyewe. Ukimsifu Fundi kwa hilo hukataa, husema ni kazi ya joka.

Kwangu mazoezini pia Dereva alirudi, na yale maneno ya kwenye faili niliyafuta. Sasa ndiye mpangaji wa safari za magari yetu ya wagonjwa, na kuanzia mwezi ujao ndiye msimulizi wa Alhamisi.

Alianza mapema kidogo. Katika miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kucheza, maana msimulizi hana joka lake. Wiki iliyopita Dereva alimpokonya kitabu na kumwamuru aketi na wenzake. Fundi akachagua joka changa, akalirusha kabla halijafundishwa, dadu zikamkatalia mara tatu mfululizo, joka likaangukia paa la mama mkwe wa mfalme. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akatoka na masharubu. Muda wa kufunga ulipofika, aliyegoma kwa sauti kuliko wote ni yeye: "Mara moja tu, jamani, nirushe tena!"

Dada yetu, ahsante kwa kila gurudumu, na kwa kutuonyesha namna mtu mzima anavyoomba radhi. Mumeo anasema amejiandaa kwa maisha ya utulivu. Tunampa pole mapema. Kwako tunaomba afya, usingizi wa asubuhi, na siku njema zisizo na idadi. Na Alhamisi usikose: joka lako bado liko juu ya paa.