Dada Yangu Ardis, Mchangishaji wa Kiwanda cha Brekstad

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Mtaa wa Tisa, na ninyi wafanyakazi wenzangu wa Kiwanda cha Madirisha cha Brekstad mliojibana kwenye viti vya nyuma kama kawaida yenu, mimi ni Verlyn Ruona, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake. Mchungaji ameniomba nisizidishe dakika tano na nisome kwa utulivu. Dakika tano hazitatosha, na utulivu sina.

Marehemu Ardis Signe Bjerke alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 hapa Duluth, jimbo la Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Urho Ruona, mpakiaji wa madini ya chuma melini, na marehemu Signe Ruona, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, na alibatizwa katika kanisa hili hili tarehe 27 Mei mwaka huo. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja, usimsumbue mtu. Ukiishiwa sukari, kunywa kahawa chungu, ukivunjika mkono, ngoja daktari amalize chakula chake kwanza. Sheria hiyo tuliinyonya na maziwa ya mama, na ninyi pia mmeinyonya, kwa hiyo msinikodolee macho kama watu waliokuja juzi.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia Septemba 1962, akaendelea na sekondari, akahitimu tarehe 7 Juni 1974 akiwa wa tatu darasani kwa hesabu, na kwa kuwa baba alikuwa ameumia mgongo na hakukuwa na fedha za chuo, tarehe 16 Septemba mwaka huo huo aliajiriwa Brekstad, idara ya kukata vioo, ambako alifanya kazi miaka arobaini na minne na miezi minane bila kuchelewa hata siku moja. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Merlin Bjerke, dereva wa lori la maziwa, shemeji yangu, mtu mpole aliyetutangulia Novemba 2014, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Janelle aliyezaliwa 1981, ambaye sasa anaishi Arizona, na Curtis aliyezaliwa 1984, aliyeko Alaska. Wanangu, mmesafiri mbali, na nitakayoyasema sasa hayawahusu ninyi. Yanatuhusu tuliokuwa karibu.

Wengi mnadhani dada yangu alizaliwa na moyo wa kutoa. Hapana. Oktoba 1993, kampeni ya Mfuko wa Ujirani, ule wa kuchangia wenye shida mjini, ilipokuja kiwandani, alipewa kadi ya ahadi ili ajaze atakatwa kiasi gani kwenye mshahara, akaitupa kwenye pipa la vioo vilivyovunjika, akasema yeye ana watoto wa kulisha. Usiku wa tarehe 11 Januari 1994 nyumba yao iliungua yote, wakatoka na nguo za kulalia kwenye baridi mnayoijua, na kabla jua halijapanda alikuja mama mmoja wa Mfuko wa Ujirani na makoti manne na ufunguo wa nyumba ya kukaa miezi mitatu. Ardis akamuuliza, "Mama, haya yote ametoa nani?" Mama yule akamjibu, "Kwa sehemu kubwa ni watu wa Brekstad. Huwa wanajaza kadi." Dada yangu aliniambia kwamba kuungua kwa nyumba hakukumliza, ila jibu lile lilimliza mpaka akakaa chini kwenye theluji na koti la watu mwilini.

Kuanzia mwaka 1995 hadi alipostaafu tarehe 31 Mei 2019, Ardis alikuwa kapteni wa kampeni hiyo kiwandani, kazi isiyo na mshahara wala posho, na aliifanya kwa namna yake mwenyewe. Kila Oktoba, saa tatu na robo, wakati wa kahawa, alichukua ndoo tupu ya gundi, akaigeuza kando ya mtu, akaketi, akafungua kopo la biskuti za shayiri, na hakunyanyuka mpaka apate jibu. Mlimtania, namkumbuka Gaylord wa idara ya fremu akipiga kelele, "Jamani, fungeni pochi, mkusanya kodi huyo!" Naye akamjibu, "Mkusanya kodi alikuletea biskuti lini, wewe?" Wengine mlimwambia, "Nitaona, Ardis." Hilo neno alilichukia kuliko matusi. "Utaona nini? Sema ndiyo nikushukuru, sema hapana nikuheshimu, hiyo 'nitaona' sina pa kuiandika." Tena hakumkamua mtu. Aliyekuwa na mgonjwa nyumbani, alimchania kadi mbele ya macho yake, akamwambia, "Mwaka huu wewe ni wa kupokea, nipe anwani yako," na kesho yake chakula cha moto kilifika. Mwaka 2018, katika wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili, waliojaza kadi walikuwa mia mbili na sitini na wanane, na michango hiyo pamoja na mingine ndiyo iliyoendesha, miongoni mwa mengi, magari matatu ya kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali kusafishwa damu.

Halafu akastaafu, na meneja mpya akatuita kwenye ukumbi wa chakula, akatueleza kwamba kuombwa mchango uso kwa uso kunawakosesha watu raha, kwamba kuanzia sasa itakuja barua kwenye kompyuta yenye kitufe cha kubonyeza, na anayetaka atabonyeza kwa hiari, kimya kimya, bila mtu kujua. Mnakumbuka tulifanya nini? Tulipiga makofi! Hakukuwa na ndoo tena, hakukuwa na mtu wa kutazamana naye machoni. Meneja simlaumu sana, yeye alitupa tulichokuwa tunakitamani. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amebonyeza, na kwa kuwa si adabu kumuuliza mtu mambo yake, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mwaka jana walibonyeza watu arobaini na mmoja. Mimi, niliyekula biskuti zile miaka yote, nilifuta barua kumi na moja, na nilizifuta kabla ya kuzisoma.

Mwezi Novemba 2020 figo za dada yangu zilishindwa, akaanza kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kuwa macho yake hayakumruhusu tena kuendesha, alipanda gari la Mfuko wa Ujirani. Alilifurahia gari lile kama bibi harusi gari la harusi yake, akawa anamwambia dereva, "Tairi hili la kushoto ni la idara ya kukata vioo, usiligonge." Januari mwaka huu magari mawili yaliegeshwa na madereva wawili wakaachishwa kazi, likabaki gari moja kwa wagonjwa kumi na wawili. Ardis aliambiwa sababu, kwamba michango ya Brekstad imekauka. Alinipigia simu, akauliza, "Verlyn, we mdogo wangu, hivi watu wa Brekstad wamehama?"

Nikamwambia, "Hapana, tupo."

Akasema, "Aa."

Jumatano tarehe 22 Februari ilianguka ile dhoruba, theluji ikafika madirishani, gari lile moja lililobaki halikuweza kupanda mlima wa Mtaa wa Tisa. Saa moja asubuhi Ardis aliniandikia kwenye simu, na nitawasomea kama alivyoandika, "Gari halikuja. Barabara mbaya. Usijisumbue." Jamani, mimi ni mzaliwa wa hapa. Hakuna mtu wa hapa asiyejua maana ya mtu kukwambia usijisumbue kabla hujamwuliza chochote. Mtu wa hapa akizama ziwani atakuambia maji ni baridi kidogo. Nilijua. Lori langu lenye jembe la theluji lilikuwa linaunguruma uani, maili nne kutoka mlangoni kwake, na mimi nilikuwa nasafisha njia ya gereji yangu. Nikamjibu, "Sawa dada. Jifunike vizuri." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mtu aliyenifundisha kufunga viatu.

Ijumaa tarehe 24 gari lilikwenda kwanza kuwachukua wale wa ng'ambo ya mto walioachwa Jumatano, zamu ya Ardis haikufika. Jirani mmoja alimwona asubuhi hiyo dirishani amevaa koti, mkoba mkononi, anaitazama barabara, akampungia mkono, na Ardis akampungia, kisha jirani akaendelea na kazi zake kwa sababu kuuliza ni kuingilia mambo ya mtu. Simtaji, analia vya kutosha, na angekuwa yeyote kati yetu. Saa tano usiku gari la dharura lilimchukua, na Jumamosi tarehe 25 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, dada yangu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi kumi na siku kumi na sita. Moyo ulisimama kwa sumu ambayo mashine ingeiondoa kwa saa nne. Madaktari wameandika figo. Mimi nimetia sahihi kwa sababu kwenye fomu yao hapakuwa na mahali pa kuandika aibu.

Na tangu Jumapili, jikoni kwake yameletwa mabakuli tisa ya tambi na nyama ya kusaga. Tisa! Barabara ilikuwa imefungwa Jumatano, ikafungukaje Jumapili? Mmekuja na malori, mmekuja na majembe ya theluji, mmemsafishia marehemu njia mpaka kwenye ngazi, na mmefanya vizuri sana, ahsanteni, lakini mimi nilisimama pale mlangoni nikipokea bakuli la saba nikatamani kulibamiza ukutani.

Nawe Ardis, nina hasira nawe pia, na sitaificha kwa sababu umelala hapo na maua juu yako. Miaka ishirini na minne uliwakalia watu kooni kwa ajili ya wengine, ukamfuata mpaka mwenye kiwanda chooni, na ilipofika zamu yako ukashindwa kusema neno moja, njoo. Ungesema njoo, dada! Ungenitukana! Ningekuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi aliyempigia simu Ijumaa mara mbili kuuliza yuko wapi, inamshukuru dereva wa gari lililobaki, ambaye siku ile alifanya kazi saa kumi na sita na ambaye naomba asijilaumu hata kidogo, inawashukuru majirani kwa mabakuli, mchungaji kwa uvumilivu, na wafanyakazi wenzetu wa Brekstad kwa maua makubwa haya yenye utepe wa dhahabu, ambayo nimeyatazama tangu asubuhi nikihesabu ni sawa na kadi ngapi.

Sasa wa nyuma, inueni vichwa. Kwenye kila kiti, ndani ya kitabu cha nyimbo, kuna kadi ya ahadi. Ni za karatasi, nimezichapisha mwenyewe, na nitapita kiti kwa kiti wakati wa kahawa huko chini, uso kwa uso, na atakayeniambia "nitaona" ataona. Bila kadi hizo gari lililobaki litaegeshwa mwisho wa mwezi huu. Ya kwanza nimejaza mimi, na nimechelewa miaka minne.

Lakini kadi haitampeleka mtu hospitali keshokutwa. Kiti cha tatu kutoka mbele ameketi Bwana Leif Sorvari, umri miaka sabini na moja, wa nyumba ya njano Mtaa wa Tisa, anayesafishwa damu siku zile zile na saa ile ile ya dada yangu, na Ijumaa ile naye hakufikiwa. Jana nilimwuliza atakwendaje wiki ijayo. Akaniambia, "Usijisumbue, Verlyn. Nitapata njia." Kisha akaniomba nisimtaje mbele za watu. Nimemtaja, Leif, nichukie ukipenda, ila nichukie ukiwa hai.

Redio imesema theluji inakuja tena. Jumatatu nimeichukua mimi, nitakuwa mlangoni kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jumatano na Ijumaa ziko wazi, na sitamnyooshea mtu kidole, ila sitashuka hapa, wala hatutalibeba jeneza hili kwenda popote mpaka mtu aliye na gari aseme ndiyo au hapana kwa sauti.

Ardis, dada yangu, wewe pumzika kwa amani, ni sisi ambao hatustahili kupumzika.

Haya. Jumatano ni ya nani?